Mashua ya plaiwudi, tela linaloyumba na nyufa mbili tumboni

"Nimejenga mashua ya tanga mwenyewe hapa Moshi, ya plaiwudi ya milimita 6 na epoksi, urefu mita 4.8. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea tela kwa ekseli ya gari dogo na springi za pikapu. Safari ya kwanza kwenda Tanga, tela lilianza kuyumba kila nilipopita kilomita 70 kwa saa. Niliporudi nikakuta nyufa mbili kwenye rangi ya tumbo la mashua, zinafanana kushoto na kulia, kama mita moja na nusu kutoka tezi (nyuma ya mashua). Tangu hapo imekaa uani miezi mitatu chini ya turubai la bluu la plastiki. Nikiingiza mkono ndani nasikia unyevunyevu, na kuna doa jeusi karibu na kisanduku cha ubao wa kati, ule unaoshushwa majini kuzuia mashua isisukumwe pembeni. Mvuvi mmoja wa Tanga kanishauri nikaze mikanda zaidi barabarani, na nyumbani niiache na maji kidogo ndani ili mbao zisikauke zikapasuka. Nifuate ushauri huo? Au niiache Tanga moja kwa moja?"

Ndugu, usikaze mikanda zaidi, na hayo maji usiyatie kabisa. Kuhusu kuiacha Tanga tutazungumza mwishoni, kwa sababu jibu lake linategemea unasafiri na mashua mara ngapi kwa mwaka. Nyufa ulizoziona hazimaanishi kwamba ulijenga vibaya. Nyufa mbili zilizo sawa kushoto na kulia ni alama ya tela, maana kosa la ujenzi mara chache hujirudia pande zote mbili kwa kipimo kilekile.

Anza na hesabu hii. Mashua ya ukubwa wako, pamoja na mlingoti, tanga, nanga na makasia, huwa na kilo 220 hadi 260. Kwa kulinganisha, Wayfarer, mashua aliyoibuni Ian Proctor mwaka 1957 na ambayo watu wengi wameijenga nyumbani kwa plaiwudi, ina urefu wa mita 4.82 na gamba lake, yaani mwili mtupu bila mlingoti na vifaa, lina kilo 168 hivi. Tuchukue kilo 240 kwa yako. Ikiwa majini, uzito huo unabebwa na eneo la tumbo la mita za mraba 4 hadi 5. Ikiwa juu ya mbao mbili za tela ambazo hazikuchongwa kufuata umbo la tumbo, inagusa sehemu nne tu, kila moja kama kiganja. Kila sentimita ya mraba pale inabeba zaidi ya mara mia ya inachobeba baharini, na hapo gari bado limesimama. Ukipita tuta la kijijini kwa kasi, mzigo huo unaongezeka mara mbili au tatu kwa sekunde moja. Kwa plaiwudi ya milimita 6, barabara ya Moshi hadi Tanga ni kali kuliko mawimbi ya Tanga.

Mvuvi wako hakukudanganya. Amekupa ushauri sahihi wa chombo kingine. Dau na jahazi hujengwa kwa mbao nene zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na katikati ya mbao hujazwa kalafati ya pamba. Chombo hicho kikikaa juani wiki kadhaa, mbao husinyaa, kalafati hulegea, na siku ya kushusha majini kinavuja kila mahali. Ndiyo maana wenyewe hupaka sifa (mafuta ya papa), hupaka deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa) chini, na hawapendi kikae nchi kavu muda mrefu. Plaiwudi imeundwa kwa tabaka nyembamba zilizogundishwa moja ikikatiza nyingine, kwa hiyo haitanuki wala kusinyaa kwa kiasi hicho. Juu yake umepaka epoksi kwa kusudi moja, maji yasiingie kwenye mbao. Ukimwaga maji ndani unaiomba mbao ifanye kazi ambayo haikupewa. Isitoshe, maji ya kina cha sentimita 5 tu kwenye sakafu ya mita za mraba 3 ni lita 150, yaani kilo 150 juu ya zilezile mbao mbili zilizokwisha kupasua rangi.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: maji ya bahari hayaozeshi mbao kwa kasi kama maji ya mvua. Ukungu unaoozesha mbao unataka unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ndani ya mbao, hewa, na joto la kadiri kama la uani kwako. Chumvi inaupunguzia nguvu. Maji matamu yaliyotuama chini ya turubai ndiyo mazingira yake hasa. Lakini chumvi nayo ina ubaya wake, kwani huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo mbao yenye chumvi haikauki hata kiangazi. Kwa hiyo kila unaporudi kutoka Tanga, osha mashua ndani na nje kwa maji matamu, kisha uikaushe. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Sasa tela. Kuyumba kwake kunatokana na mahali ekseli ilipowekwa, na mikanda haihusiki. Uzito wote wa tela na mashua una kitovu chake. Kikiwa mbele ya ekseli kwa kadiri inayofaa, tela linafuata gari lenyewe. Likisukumwa pembeni na upepo wa lori, uzito unalirudisha kwenye mstari. Kikiwa juu ya ekseli au nyuma yake, kila msukumo wa pembeni unazaa mwingine mkubwa zaidi, na kuna kasi ambayo ukiivuka hautulii tena. Kwako kasi hiyo ni 70. Ukipakia nanga na galoni za maji nyuma ya mashua, itashuka hadi 60 bila wewe kujua.

Pima badala ya kukisia. Egesha kwenye sakafu tambarare mashua ikiwa imepakiwa kama kwa safari, weka mawe kwenye magurudumu, kisha weka mizani ya bafuni juu ya matofali na kipande cha mbao hadi kichwa cha tela kikae katika urefu uleule wa mpira wa chuma wa gari. Soma uzito. Kwa tela la jumla ya kilo 400 (mashua 240, tela 160) unataka kilo 28 hadi 40, yaani asilimia 7 hadi 10. Angalia pia kitabu cha gari, kwa sababu mpira na mkono wake vina kikomo. Magari mengi madogo huruhusu kilo 50 hadi 75.

Tuseme mizani inakuonyesha kilo 12, jambo ambalo halitanishangaza, na kutoka ekseli hadi mpira ni mita 3.5. Kitovu cha uzito basi kiko mbele ya ekseli kwa sentimita 10 na nusu tu (12 × 3.5 ÷ 400). Ili kufika kilo 32 una njia mbili. Ya kwanza ni kusogeza mashua mbele kwa sentimita 29. Ni rahisi, lakini huenda ubao wa tezi ukabaki unaning'inia bila kitu chini yake, na mashua ya plaiwudi ikiachwa hivyo tumbo lake hujikunja polepole hadi likabaki na mbonyeo. Ya pili ni kusogeza ekseli nyuma kwa sentimita 20 hadi 23. Hiyo ndiyo ningeichagua. Mwambie fundi asiichomelee moja kwa moja kwenye fremu, bali aifunge kwa bolti za U kupitia bamba, ili uweze kuisogeza tena ukibadilisha vifaa. Kuna njia ya tatu ambayo watu huipenda, kuweka mfuko wa mchanga mbele. Inaondoa kuyumba kweli, ila unaburuta kilo 20 za mchanga kilomita zaidi ya 300 kwa sababu ya bolti nne.

Likianza kuyumba ukiwa barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka na uache kasi ishuke yenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, na usijaribu kuliwahi kwa kukata usukani huku na huku.

Springi za pikapu nazo ziangaliwe. Zimetengenezwa kubeba mzigo mkubwa, na wewe unaziwekea kama kilo 180 kila upande. Hazilegei hata kidogo, kwa hiyo kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye tumbo la mashua. Toa baadhi ya majani, yaani vyuma bapa vinavyounda springi. Bakiza jani kuu na moja au mawili chini yake, kisha pakia mashua na upime fremu imeshuka kiasi gani kutoka ilipokuwa tupu. Sentimita 3 hadi 5 ni nzuri. Upepo wa tairi nao: ikiwa unajaza 35 kama gari lenye abiria, shuka hadi 24 au 25. Usiende chini zaidi ya hapo, tairi litapata joto kwa safari ndefu.

Hata tela likitulia na springi zikilegea, nyufa zitarudi kama mashua imekalia mbao za pembeni. Mkuku, ule uti wa chini unaokwenda kutoka mbele hadi nyuma, ndio unaopaswa kubeba karibu uzito wote. Weka chini yake vihimili vitatu: kimoja karibu na omo (mbele ya mashua), kimoja chini ya taruma (ubavu wa mbao wa ndani) kubwa la katikati, kimoja chini kabisa ya ubao wa tezi. Viwe rola pana za mpira au, bora zaidi kwa mashua nyepesi, kipande cha mbao ngumu cha milimita 100 kwa 50 kilicholazwa kufuata mkuku, urefu usiopungua sentimita 60 kila kimoja. Nasema bora kwa sababu rola hugusa mstari mmoja mwembamba tu, mbao inagusa urefu wake wote. Rola zinapata nafasi yake pale unapovuta mashua kuipandisha peke yako.

Mbao za pembeni kazi yake ni kuzuia mashua isilale upande. Zisogeze nje hadi zikae chini ya kona ambapo tumbo linakutana na ubavu, maana pale gamba limejikunja na ni gumu, tofauti na katikati ya paneli ambako hakuna kitu nyuma yake. Kuhakikisha, paka chaki juu ya mbao zote za tela, shusha mashua juu yake, kisha inyanyue. Alama ya chaki kwenye tumbo itakuonyesha inapogusa. Ukikuta vidoa vinne badala ya mistari, chonga mbao au ziache zichezee kwenye bolti moja ya katikati ili zijipange zenyewe na umbo la mashua. Pima pia kwa karatasi: mashua ikiwa imekaa, karatasi isipite chini ya mkuku, ila pembeni ipite kwa kubanwa kidogo.

Kapeti inayopigiliwa juu ya mbao hizo ni nzuri kwa safari na mbaya kwa kuhifadhi. Inashika mchanga unaosugua rangi kama msasa, na inakaa na maji siku nyingi baada ya mvua. Kipande cha bomba la zamani la zimamoto, kikipasuliwa na kupigiliwa, hakinyonyi maji hivyo. Mpira wa tairi kuukuu ni mgumu kupita kiasi na unaacha weusi kwenye rangi nyeupe.

Na mikanda? Mkanda wa racheti wa milimita 50 unaweza kuvuta kwa nguvu ya mamia ya kilo kwa mkono mmoja tu. Ukiurusha juu ya mashua na kuukaza hadi ulie, unaminya kingo za juu kuelekea ndani na unasukuma tumbo chini kwenye zile mbao. Huenda nyufa zako zilianzia hapo, kabla hata hujatoka uani. Kaza hadi ukitikisa mashua tela litikisike nalo pamoja, basi. Mkanda mmoja upite juu ya taruma, ukiwa na ubao uliolala kutoka ukingo hadi ukingo ili nguvu iende chini bila kuminya ndani. Mwingine ufunge pete za ubao wa tezi kwenda kwenye fremu. Omo ifungwe kwa winchi na pia kwa mnyororo mfupi unaojitegemea, kwa kuwa ndoano ya winchi ikifunguka, mkanda wa nyuma peke yake hautazuia mashua isirudi nyuma ukipanda mlima. Upe kila mkanda msokoto mmoja au miwili katika sehemu isiyogusa mashua. Mkanda ulionyooka hutetemeka kwenye upepo, hupiga kelele, na husaga rangi hadi kwenye mbao. Simama baada ya kilomita 10 ukague, kwa sababu mashua hujipanga na mikanda hulegea.

Mlingoti ulale juu ya vihimili vitatu, usiwe viwili. Ukiwa na viwili tu, katikati yake inapiga juu chini safari nzima. Ukizidi nyuma ya tela, funga kitambaa chekundu, na usisafiri usiku.

Beringi za ekseli ndizo zinazowaacha watu njiani mara nyingi kuliko kitu kingine, hasa wanaoshusha mashua baharini. Habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi) imetembea kilomita 350, ina joto. Ukiingiza tela moja kwa moja kwenye maji, hewa iliyo ndani ya habu inapoa ghafla, inajivuta, na inanyonya maji ya chumvi kupita kwenye sili. Safari ya kurudi grisi imeshakuwa uji na kutu imeanza. Subiri angalau nusu saa hadi habu zishikike bila joto, au usiziingize kabisa: Tanga wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo unaweza kushusha mashua mchangani juu ya magogo au mapipa ya plastiki na kuyaacha maji yenyewe yaje kuichukua. Kabla ya kununua grisi, angalia kwanza aina ya habu ulizo nazo. Magari mengi madogo ya kisasa yana beringi zilizofungwa kiwandani. Hizo hazipakiwi grisi, hubadilishwa nzima. Zikiwa za aina ya koni, zifungue, zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, uzijaze grisi isiyoyeyuka majini hadi itokee upande wa pili. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu hadi lianze kuwa zito, kisha irudishe nyuma kati ya moja ya sita na robo ya mzunguko, uweke pini mpya. Barabarani, kila unaposimama gusa habu. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo kwa sekunde tatu, usiendelee. Beba habu ya akiba iliyokwisha pakiwa, tairi la akiba, na jeki uliyoijaribu chini ya ekseli hiyo, maana jeki ya gari mara nyingi haifiki au haiingii.

Turudi kwenye nyufa. Kwanza jua kama ni rangi tu. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbali ukikaribia ufa. Sauti ikibadilika kutoka kavu na kali kuwa butu, tabaka zimeachana au mbao imelowa. Kisha kaa ndani ya mashua, tazama mahali palepale kwa tochi ukiilaza pembeni, ukitafuta mstari kwenye kiungio cha epoksi kati ya taruma na tumbo. Sugua rangi kwa msasa sentimita 10 kuzunguka ufa. Ukikuta kitambaa cha faibaglasi bado kinaonyesha mbao chini yake bila weupe, ilikuwa rangi peke yake: jaza, paka, endelea. Kikiwa na weupe kama baridi kwenye kioo, kimevunjika ndani. Kiondoe pale na uweke tabaka mbili mpya za kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, ya pili ikiizidi ya kwanza kwa sentimita 3 kila upande. Mbao yenyewe ikiwa imepasuka, chonga mteremko wa moja kwa nane, yaani milimita 48 kwa plaiwudi ya milimita 6, ugundishe kipande kipya, kisha kitambaa ndani na nje. Lolote kati ya hayo lisifanyike kabla tela halijarekebishwa.

Doa jeusi si lazima liwe uozo. Chuma cha kawaida kikigusana na mbao yenye unyevu huacha weusi, na mtu aliyefunga bolti ya ubao wa kati kwa chuma kisicho stenlesi atauona. Chukua msumari mkali au sindano nene, usukume kwenye doa na kwenye mbao safi ya jirani. Ukipata ugumu uleule, ni madoa. Ikizama, na ukinyanyua zinatoka nyuzi fupi zinazokatika kama keki, ni uozo. Karibu kila mara chanzo ni tundu lililotobolewa baada ya kupaka epoksi, likaachwa na ncha za mbao wazi, kwani maji hupanda kwenye ncha za nyuzi haraka sana kuliko ubavuni. Dawa ya tundu la bolti ya milimita 10 ni hii: litoboe hadi milimita 20, likauke kabisa, lijaze epoksi iliyoongezwa unga hadi iwe nzito, subiri igande, kisha toboa upya milimita 10 katikati yake. Bolti sasa inapita kwenye epoksi, haigusi mbao. Pale palipooza, kata hadi ufikie mbao ngumu na kavu. Kuna epoksi nyepesi sana inayouzwa kwa ahadi ya kuimarisha mbao iliyooza. Inagandisha uoga wako tu, kwani mbao iliyokwisha kupoteza nyuzi zake hairudi kuwa mbao, na ukiipaka ikiwa bado mbichi umefungia unyevu ndani.

Kukausha kutachukua wiki, huenda zaidi. Toa turubai leo. Osha ndani kwa maji matamu. Toa kizibo, nyanyua omo kwa kuweka tofali chini ya mkono wa tela ili maji yote yaelekee kwenye tundu, toa ubao wa kati, na fungua vifuniko vyote vya vyumba vya hewa. Hilo la vyumba vya hewa watu hulisahau. Vikifungwa vikiwa juani, hewa ndani hutanuka mchana na kutoka, usiku hupoa na kunyonya hewa yenye unyevu, na unyevu huo hautoki tena. Mashua iliyohifadhiwa isiwe na chumba kimoja kilichofungwa.

Tatizo la turubai la plastiki ni kwamba limelala juu ya mashua. Usiku ubaridi unageuza mvuke kuwa matone upande wa ndani, yanadondoka, na asubuhi jua linayapandisha tena. Halafu lenyewe chini ya jua letu huanza kuchanika baada ya miezi michache. Ukitaka kulitumia, lipe mgongo: laza mlingoti au mwanzi kutoka omo hadi tezi, sentimita 60 juu ya kingo, turubai likishuka pande zote mbili kwa mteremko mkali na kuishia mbali na ubavu, ncha mbili zikiwa wazi upepo upite. Lakini kama una nafasi, jenga banda la nguzo nne na mabati, mita 3 kwa 6, bila kuta. Hakuna kifuniko cha kitambaa kinacholishinda. Paka tumbo na sitaha rangi nyepesi. Epoksi inayogandia joto la kawaida huanza kulainika kwenye nyuzijoto 50 hadi 60, na rangi ya bluu nzito au nyeusi juani inafika huko bila taabu. Mashua yenye epoksi iliyolainika, ikikaa juu ya vihimili vichache, inabonyea na kubaki hivyo.

Kwa muda unaozidi miezi miwili, ondoa uzito kwenye tairi na springi kwa kuweka vigingi vya chuma chini ya fremu. Vigingi vya mbao vilivyogusa udongo ni ngazi ya mchwa. Hapo Moshi usicheze nao. Weka miguu juu ya matofali ya saruji na pita kila wiki ukitafuta vijia vya udongo. Tanga la mashua lioshe, likauke, likunje kwa kulizungusha na uliweke ndani ya nyumba. Panya wanalipenda. Ziba pia ncha za mlingoti kwa wavu, kabla manyigu hawajajenga.

Ukipata watu sita, fikiria kuihifadhi juu chini. Gamba la kilo 160 linageuzwa bila vifaa, likilala juu ya boriti tatu chini ya kingo penye mataruma. Maji hayana pa kutuama na tumbo halibebi kitu. Kwa mashua ya uzito huu ndiyo hifadhi bora kuliko zote, ila hutaifanya ikiwa unasafiri kila mwezi, na sikulaumu.

Kuiacha Tanga: kama unakwenda mara nne au zaidi kwa mwaka, ningetafuta mahali penye paa karibu na ufuo na kulipia, nikaokoa mashua kilomita 700 za kwenda na kurudi kila mara. Iwe nchi kavu. Kuiacha ikielea kunadai rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, na mkwaruzo mmoja hadi kwenye mbao unatosha kuwapa mlango minyoo inayotoboa mbao. Ukienda mara moja au mbili kwa mwaka, irudishe nyumbani ambako unaweza kuikagua.

Kuna mambo yasiyofaa kujibiwa kwa maandishi. Ufa ukivuka taruma, au ukibonyeza tumbo kwa dole gumba linacheza, mpeleke fundi mashua aliyewahi kufanya kazi ya epoksi, si fundi wa kalafati, aione kwa macho. Ukiona mstari wa kutu kwenye kiungo cha kuchomelea cha mkono wa kuvutia, tela lisitoke hadi mchomeleaji mwenye uzoefu wa matela alifungue na kulichomelea upya kwa bamba la kuongeza nguvu. Usajili wa tela uliza TRA, na usajili na ukaguzi wa mashua uliza TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), kabla ya safari ijayo, kwani masharti hutegemea uzito, urefu na matumizi. Na mahali popote utakaposimamisha mlingoti, angalia juu kwanza. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme unaua aliyeushika, kwa hiyo ukikuta nyaya zinapita juu ya njia ya kuelekea ufuoni, usukume tela likiwa na mlingoti umelala hadi uwe umezipita zote.